Mpini wa kushikia visanamu ukipaka rangi: tendegu bovu, shingo ya chupa ya soda na spoku ya baiskeli

Nianze na jicho la mpiga ngoma. Kisanamu kina urefu wa sentimita tatu na nusu, nimekaa nacho karibu saa nzima, kanzu tayari, ngoma tayari, nikamtia jicho la kulia likakaa vizuri kabisa, afu nikamgeuza nipake kisigino na kidole gumba changu kikapita hapo hapo usoni. Jicho likawa shavu. Mtu aliyekuwa amekaa pembeni yangu akacheka mpaka nikacheka na mimi, lakini roho iliniuma, na wiki ile ndo nilianza kutafuta namna ya kushika hivi vitu bila kuvigusa.

Mi nipo Bagamoyo, nachonga na kupaka visanamu vidogo, wapiga ngoma, wavuvi, kina mama wana ndoo kichwani, na mara moja moja seti ya sataranji mtu akiagiza. Siku hizi mpwa wangu kaniingiza na kwenye vile viaskari vya plastiki vya michezo ya mezani, vile vya milimita 28, ambavyo vina kitako cha duara chenye upana wa milimita 25 au 32 hivi. Vyote tatizo lake ni moja. Vidole vina mafuta na jasho, na huku kwetu mwezi wa pili jasho sio la kuuliza, rangi ya maji haishiki vizuri penye mafuta, na hata ile iliyoshika ukiisugua sugua kwa kidole inachubuka kwenye kona, puani, mabegani, kwenye ncha ya mkuki.

Ila hilo la vidole ni nusu ya habari. Nusu nyingine nimeichelewa sana kuielewa, nayo ni hii: mkono unaotetemeka sio wa brashi peke yake. Mkono wa kushoto ulioshika kisanamu unatetemeka kivyake na wa kulia wenye brashi unatetemeka kivyake, ni sawa na kumpa mtu kikombe cha chai toka mashua moja kwenda nyingine, zote zinayumba, lazima kimwagike. Ukizifunga mashua pamoja bado zitayumba ila zinayumba pamoja na chai inafika. So mpini mzuri kazi yake sio kushikia tu, ni lazima uwe na mahali ambapo mkono wa brashi unaegemea, ili mikono yako miwili iwe kitu kimoja. Watu wengi wanatengeneza mpini mzuri wa kushikia, wanasahau pa kuegemea, afu wanalalamika bado wanatetemeka.

Ipo ya kununua. Games Workshop ya Uingereza wanauza mpini wa plastiki kwa jina la Citadel, una taya zinabana kitako kwa springi, sio mbaya hata kidogo, lakini mpaka ufike huku ushalipia na usafiri, na pia unabana kisanamu kimoja kwa wakati mmoja. Mimi napaka kumi na mbili kwa mpigo, kanzu zote kwanza, afu kofia zote, afu ngoma zote. Nilitaka mpini mmoja na vichwa vingi vya kubadilisha chap chap, na jibu nililipata kwenye chupa ya soda: shingo yake ina meno ya kufungia na kizibo chake bapa kinakaa vizuri chini ya kisanamu. Kila kisanamu kinakaa kwenye kizibo chake, unafunga, unapaka, unafungua, unaweka kikauke, unafunga kingine.

Vitu vya kutafuta kabla hujaanza, maana hakuna kinachokera kama kuacha gundi inakauka unakimbilia dukani: kipande cha mti mkavu, chupa mbili tatu za plastiki za soda zenye vizibo vyake (za aina moja, meno ya aina tofauti huwa hayaingiliani), mpini wa ufagio wa mti, skrubu fupi za nusu inchi, nati au chubwi (ile risasi ya kuzamishia mshipi wa wavuvi) kwa ajili ya uzito, spoku mbili za baiskeli, kipande cha tyubu ya baiskeli, gundi ya tyubu mbili ile ya kuchanganya, supagluu, msasa namba 80, 120 na 220. Vyombo ni msumeno, tupa, kisu chenye makali ya kweli, drili (keekee ya mkono inatosha kabisa), praizi, na jiko la mkaa. Spoku na tyubu nenda kwa fundi baiskeli yeyote, zile mbovu anazitupa, mi niliachiwa spoku mbili na tyubu kwa mia tano na salamu.

Kupima mkono wako

Usichukue vipimo vyangu. Kiganja changu na chako havijazaliwa siku moja. Chukua kijiti chochote, hata gunzi la muhindi, kizungushie kitambaa, shika kama unavyoshika kisanamu ukipaka, kaa nacho dakika tano unaongea na mtu. Ukiona vidole vinakunjika sana na kucha zinakaribia kiganja, ni chembamba, ongeza kitambaa. Ukiona unakikamata kama nguzo, kimezidi. Kikikaa sawa yaani kidole gumba na cha kati vinakaribia kukutana bila kulazimisha, pima mzunguko wake kwa uzi, gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Wangu mzunguko ulitoka sentimita 12 na nusu, ndo kipenyo milimita 40. Urefu wa pa kushika ni upana wa vidole vyako vinne na kidogo juu, mi nimeishia sentimita 9.

Mpini mwembamba ndo kosa la kwanza la kila mtu, sababu tunadhani kitu kidogo kishikwe na kitu kidogo. Kitu chembamba unakibana, ukikibana misuli inachoka, ikichoka inatetemeka, na kazi yote imeharibika hapo.

Mti

Kwanza uwe mkavu, tena mkavu kweli. Mti mbichi ukishakauka unasinyaa na kila ulichokibana juu yake kinalegea. Ndo maana mi sinunui mbao mpya, nachukua cha zamani. Mpini wangu wa kwanza ni tendegu la kitanda cha kamba kilichokufa kwa bibi, mti umeshakaa miaka na miaka, na mafundi wa zamani walikuwa wameshaukereza ukawa mviringo kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa imefanyika. Ukipata tendegu la hivyo, kata sentimita 11, tafuta mahali palipo karibu na kipenyo chako na penye kiuno kidogo. Kama lina rangi ya zamani ya mafuta usilipige msasa kavu ukavuta vumbi, rangi za zamani nyingine zina risasi, yale madini yenye sumu, lowanisha au kwangua taratibu nje ya nyumba.

Ukikosa tendegu nenda kwa seremala uombe masalia. Mninga ni mzuri kuchonga na hauchezi chezi kama mti laini unaonyonya maji. Kipande cha ukubwa huu cha mninga kina kama gramu 70, cha mpingo kinakaribia mara mbili yake, maana mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupia majini unazama. Wengine wataona fahari mpini wa mpingo, na uzito wake ni mtamu mkononi, ila ni mgumu kutoboa na vumbi lake linawasha pua na ngozi, vaa barakoa. Mninga nao unawasha baadhi ya watu kwa hiyo barakoa vaa tu.

Kama umeanza na kipande cha mraba cha sentimita 5 kwa 5 kwa 11, chora mistari ya kona kwa kona kila upande upate kati, chora duara, afu kata kona nne upate pande nane, kata tena upate kumi na sita, hapo tupa itamaliza yenyewe. Usikimbilie uduara kwa kisu toka mwanzo, utapata yai. Chini acha upana kamili wa sentimita 5 ili usimame wenyewe mezani, katikati uingie ndani kidogo kama kiuno, juu urudi milimita 40.

Sentimita 2 za juu kabisa ndo ulimi unaoingia kwenye shingo ya chupa. Hapa pima chupa yako kwa ndani, ya kwangu ilikuwa kati ya milimita 21 na 22. Punguza ulimi mpaka uingie kwa kusukuma kidogo. Muhimu: ulimi ukishaingia usifike juu ya shingo, uachie kama sentimita moja, utaona sababu mbele kwenye skrubu. Na chini ya ulimi, sentimita moja chini ya bega la mpini, chonga mfereji unaozunguka, kina milimita 3 upana milimita 5. Huo mfereji usiudharau.

Uzito

Kisanamu cha chuma au resini juu ya mpini mwepesi kinaangusha mpini ukiuweka mezani. Toboa toka chini tundu la milimita 20, kina sentimita 3. Kama hauna biti kubwa hivyo toboa vidogo vidogo vingi afu safisha kwa patasi nyembamba. Nati za spana 17 zinaingia humo tatu, zinaongeza kama gramu 30 na kitu. Chubwi la risasi la wavuvi la kujaza tundu hilo hilo linaongeza gramu 100 na linakaa chini kabisa pale unapolitaka, na pale kwenye soko la samaki hulikosi, lakini risasi ni sumu, lishike kwa mfuko, nawa mikono, usilipige tupa, na lifungie ndani kabisa kwa gundi na kipande cha mbao juu. Kama una watoto ndani weka nati uwe na amani. Mwaga gundi ya tyubu mbili, ziba, acha mpaka kesho.

Baadhi ya watu wanapenda mpini mwepesi. Sawa, lakini uzito kidogo unatuliza mkono. Ukizidi gramu 200 baada ya saa moja utauchukia.

Shingo ya chupa

Hapa ndo pana uchawi kidogo. Chupa za soda za plastiki, ile plastiki imevutwa wakati wa kutengenezwa, na ukiipa joto inataka kurudi ilikotoka, inasinyaa. Tunaitumia tabia hiyo kubana mti bila msumari.

Chukua chupa ndogo, kata chini ya mabega yake ili ukivalisha kwenye mpini, shingo ikae kwenye ulimi na sketi ya plastiki iteremke kama sentimita 2 au 3 kupita mfereji. Toa kile kipete cha kizibo kinachobakia shingoni, kata kwa kisu. Kwaruza ndani ya shingo kwa msasa 80 gundi ipate pa kushika. Paka ulimi gundi ya tyubu mbili, na kama ulimi unacheza usiogope, fanya kama mafundi wa mashua wanavyokalafati: zungushia pamba kidogo iliyolowa gundi, sukuma, umemaliza. Futa inayotoka juu. Simamisha uangalie kwa jicho kama shingo imenyooka na mpini, sasa hivi ndo wakati wa kuinyoosha, baadae hamna.

Gundi ikishakauka funga kizibo, zungushia kitambaa kibichi kwenye shingo na kizibo, maana shingo nayo ikipata joto inapinda na meno yatakataa kufunga. Mkaa uwe umewaka vizuri hauna ndimi za moto, shika mpini kwa chini, uweke juu ya mkaa kama sentimita 15 hivi, geuza taratibu kama unageuza mshikaki. Kwa sekunde kadhaa hamna kitu, unaanza kudhani nimekudanganya, afu ghafla sketi inajikunja inakamata mti na kuingia kwenye mfereji yenyewe. Ikishaingia toa. Ukiona plastiki inaanza kuwa nyeupe kama maziwa umezidisha, hapo inakuwa kavu na itapasuka, rudia na chupa nyingine. Fanya nje, usiiache ikaungua, moshi wake sio wa kuvuta. Na jaribu kwanza kwenye kijiti chochote na chupa ya ziada, mi ya kwanza niliiunguza, ya pili ilikaa upande, ya tatu ndo hii.

Ikipoa kata ukingo wa chini kwa kisu usawa, pitisha msasa 220 usikwaruze kiganja.

Vizibo, na usiku walipodondoka wapiga ngoma

Mwanzo nilifanya kila mtu anavyowaza, tone la supagluu juu ya kizibo, kisanamu juu, basi. Jioni vimesimama kumi na mbili vinapendeza. Asubuhi saba wako chini, mmoja kavunjika mkono. Nikalaumu gundi, nikasema kimeo, nikanunua nyingine ya bei, wakadondoka tena. Kumbe sio gundi. Kizibo na chupa ni plastiki mbili tofauti, na ya kizibo ni ile aina ambayo gundi nyingi haziishiki kabisa, hata rangi haiishiki. Kama huamini chukua ndoo ya maji, tia kipande cha chupa na kizibo, cha chupa kitazama, kizibo kitaelea.

Dawa yake ni kutoiomba gundi kazi isiyoiweza. Kata mpini wa ufagio vipande vya sentimita moja na nusu, ile mipini mingi ina upana wa milimita 24 au 25 kwa hiyo inakaa juu ya kizibo kama imezaliwa nacho. Toboa kizibo katikati kwa biti ya milimita 3, toboa kipande cha ufagio kidogo kwa biti nyembamba zaidi kisipasuke, afu pitisha skrubu ya nusu inchi toka ndani ya kizibo kwenda juu, kaza. Kichwa cha skrubu kinabaki ndani ya kizibo, na ndo maana nilisema ulimi usifike juu ya shingo, vinginevyo kizibo hakifungi. Sasa juu una mbao, na mbao inapokea gundi yoyote. Tengeneza hata ishirini kwa jioni moja, wape watoto kazi ya kukusanya vizibo, mtaani havikosekani.

Kubandika kisanamu chenye kitako kwenye mbao hiyo: tepu ya pande mbili ni nzuri kama kitako ni bapa. Ile gundi laini kama bigijii ya kubandikia mabango inafanya kazi pia ila joto la mchana wa huku linailainisha na kisanamu kinaanza kuinama kama mlevi, tumia kidogo na usiache juani. Kwa visanamu vizito natumia matone mawili madogo ya supagluu, madogo kweli, kama kichwa cha pini. Kutoa unapitisha kisu chembamba chini na kusokota. Ikigoma tia kwenye friza nusu saa, supagluu ikipata baridi inakuwa kavu na inaachia. Usije ukatumia asetoni ya kutolea rangi ya kucha kwenye viaskari vya plastiki, inayeyusha plastiki yenyewe na rangi yako juu yake, usiniulize nimejuaje.

Kisanamu kisicho na kitako, mfano mvuvi anayesimama kwenye miguu yake miwili, toboa unyayo tundu la milimita 1, nyoosha kibanio cha karatasi, kata sentimita 2, ingiza kwenye mguu na upande wa pili kwenye mbao. Hamna gundi hata tone na unyayo unaupaka mpaka chini. Kwa vya mti hii ndo njia ninayoipenda kuliko zote.

Watu wa sumaku watauliza sumaku. Inawezekana, gundisha washa (kile kibati cha duara cha kuweka chini ya nati) ya chuma chini ya kitako na sumaku juu ya mbao, ila nenda dukani na sumaku yako mfukoni ujaribu, washa za alumini na nyingi za chuma kisichoshika kutu sumaku haizikamati. Na kwa hewa ya bahari washa ya kawaida itaota kutu na kutu itapaka kitako. Mi niliacha.

Pa kuegemea

Spoku. Ni waya wa milimita 2, mgumu, haupindi pindi kama waya wa umeme, mrefu karibu sentimita 30 kwa hiyo inabaki.

Toboa ubavuni mwa mpini tundu tatu za milimita 2, chini kidogo ya sketi ya plastiki, kuuzunguka mpini kwa nafasi sawa, kina kama sentimita mbili, usifikie nati za chini. Biti ya milimita 2 huvunjika ovyo, ukikosa kata kichwa cha msumari mwembamba, funga kwenye drili, utakutobolea. Tundu tatu ni kwa sababu kisanamu kina mbele, kina nyuma na kina ubavu, unahamisha spoku kulingana na unachopaka. Na kwa wa mkono wa kushoto haihitaji mpini mwingine.

Kukunja: spoku itoke ubavuni kulala sentimita 3 au 4, ipande wima mpaka usawa wa kifua cha kisanamu, afu ijikunje kwa nje kama mkono wa bakora. Ncha ya mwisho ikunje iwe kipete kidogo. Hicho kipete sio urembo, unainama uso karibu sana na hii kitu na ncha ya spoku ikiwa wazi ipo usawa wa jicho lako. Kunja baridi kwa praizi, usiichome moto, spoku nyingi zimepakwa zinki na moshi wake unaumiza kifua. Ile bakora izungushie kamba ya mpira wa tyubu, kidole kisiteleze.

Urefu utaurekebisha mara tatu nne ukiwa unapaka, usitegemee utapatia mara moja. Kipimo ni hiki: kidole chako kidogo cha mkono wa brashi kikikaa juu ya bakora, ncha ya brashi ifike usoni mwa kisanamu bila kunyanyua kiwiko.

Kumalizia

Msasa 120 afu 220, futa vumbi. Ukitaka rangi ya mti ing'ae paka vanishi nyembamba mara mbili au sugua nta. Mafuta ya nazi hapana, najua yapo kila jikoni hapa na mti unapendeza siku hiyo, lakini mafuta ya nazi hayakauki kama vanishi, yatabaki kwenye kiganja, toka kiganja yatakwenda kwenye kisanamu, na tumerudi kulekule. Vile vile dawa ya viatu nyeusi ambayo wachongaji wengine wanapaka mti wa kawaida ufanane na mpingo: kwa kinyago cha kukaa kabatini sawa, kwa kitu cha kushika saa tatu na jasho, mikono yako itakuwa ya fundi viatu.

Afu kata tyubu ya baiskeli sentimita 5, ndani tia poda kidogo, vuta uvalishe kama soksi pale vidole vinapokaa, chini ya tundu za spoku. Inavutika inakamata vizuri. Ile ya ndani ya tairi pana ndo inaingia, ya baiskeli za mashindano haitaingia.

Ukiwa unapaka

Viwiko vyote viwili mezani, hilo halina mjadala. Mpini mkono wa kushoto, na visigino vya viganja viwili vigusane kwa chini, kidole kidogo cha kulia kwenye bakora. Brashi inakaa karibu pale pale, unaozunguka ni mpini. Ukipaka mstari mrefu kama ukingo wa kanzu, usivute brashi, zungusha mpini chini ya brashi. Jicho na mdomo vuta pumzi, toa nusu, gusa, maliza kutoa. Utaona tofauti siku hiyo hiyo, sio kwamba mkono umeacha kutetemeka, unatetemeka pamoja na mwenzake.

Usizungushe kisanamu kwa kushika kizibo, utakifungua bila kujua na kitaanza kucheza cheza. Kaza kizibo kama unavyokaza soda uliyoibakiza, basi.

Vya kukauka navipanga kwenye trei la mayai la 30, kizibo kinakaa kwenye shimo la yai hakiyumbi, na nikisikia upepo wa kusi umeanza kurusha mchanga toka ufukweni nanyanyua trei zima naingiza ndani kwa safari moja. Zamani nilikuwa nabeba kimoja kimoja kama mayai kweli. Wakati wa masika rangi inachelewa kukauka sana, vuta subira kabla ya kupaka juu, na wakati wa kaskazi ni kinyume chake rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika, weka kikopo cha maji karibu ulowanishe ncha mara kwa mara.

Ukipuliza praima ya kopo, yaani ile rangi ya kwanza ya chini, valisha mfuko juu ya tyubu, na bakora itoe kabisa, la sivyo baada ya mwezi bakora itakuwa nene kwa rangi kuliko kwa mpira. Meno ya shingo nayo rangi ikiingia yanagoma, funga kizibo kabla hujapuliza, na yakipata rangi yafute kwa kitambaa kibichi mara moja.

Kitu kitakachokufa kwanza ni shingo. Mti utakuzika wewe, spoku utaiacha kwa wajukuu, lakini meno ya plastiki yakifungwa na kufunguliwa mara mia kadhaa yanaisha na kizibo kinaanza kuruka. Hapo unachana sketi kwa kisu, unatoa shingo (gundi ya kwenye ulimi unaikwangua kwa tupa, ina ubishi), unaweka mpya kwa mkaa uleule. Wa kwangu wa tendegu umeshafika hapo, jana nimekunywa soda ya chungwa na shingo nimeshaikata ipo hapa mezani, nasubiri jioni wakipika jiko likibaki na makaa.